Upepo wa Mkwe

Baba alipoanguka na baiskeli, kaka yangu mkubwa aliitisha kikao kabla hata ya kuuliza kama ameumia. Habari zilinikuta dukani kwangu Buseresere, nina sketi ya shule chini ya sindano, nikaimalizia kwanza. Mimi ni fundi cherehani, na nimejifunza kwamba mambo ya nyumbani kwetu huweza kusubiri pindo moja. Nilipofika nilimkuta baba amekaa kwenye kiti chake cha kamba, goti limechunika, suruali imechanika mahali ambapo nilijua nitaletewa nishone, na baiskeli yake imeegemezwa ukutani ikiwa nzima kabisa.

Kaka alisema baba apumzike. Alisema kwa upole, na naamini alimaanisha. Barabara imejaa malori, na siku hizi kijana akipata dhahabu ya kujaza kucha ananunua pikipiki na kuiendesha kama vile inaibwa. Yote hayo ni kweli. Lakini kweli nyingine, ambayo haikutajwa kwenye kikao, ni kwamba kaka ndiye anayekaa na ng'ombe wa baba.

Ng'ombe walihamia kwa kaka baada ya mashamba kuizunguka nyumba ya baba mpaka malisho yakaisha. Zizi sasa liko ng'ambo ya lami, mbali kiasi kwamba magoti ya baba hayawezi kufika kwa miguu na kurudi. Kwa hiyo kila asubuhi, akishakunywa uji, baba alipanda baiskeli akaenda kuwaona. Hakuwa na kazi ya kufanya kule. Alisimama kwenye uzio, akawaangalia mmoja mmoja, akauliza yule mweusi mwenye baka amekohoa tena au la, akarudi. Bodaboda hakuitaka. Alisema ukienda kwa bodaboda unafika na mtu anayekungoja huku anachungulia simu, na ng'ombe hawaangaliwi hivyo.

Nimeshaona kwenye nyumba za wengine nini hutokea mzee akiacha kufika zizini. Huanza kuletewa taarifa. Ndama amezaliwa, ndama amekufa, dume limebadilishwa kwa mitamba. Hakuna anayeiba. Ila baada ya muda mzee hajui tena rangi za ng'ombe wake, na mtu asiyejua rangi za ng'ombe, kwetu, huwa anasemwa kuwa aliwahi kuwa nao. Baba aliyajua haya kuliko mimi. Ndiyo maana kikao kilipoamua kwamba akianguka tena baiskeli itaondoka pale nyumbani, hakubisha wala hakukubali. Aliliangalia goti lake.

Mume wangu hakuwepo kwenye kikao hicho. Anafanya kazi chini ya ardhi huko Bulyanhulu, kwa zamu, na kipindi hicho alikuwa mgodini. Si mtu wa huku. Kwao ni Singida, na katika mambo ya ukwe amekuwa Msukuma kutushinda sisi tuliozaliwa hapa. Mama yangu akitokea huku, yeye ameshageukia kule. Akimwamkia baba huinama mpaka naogopa atadondoka.

Nilisema kwenye kikao kwamba tatizo ni matairi. Kaka alicheka.

"Leo fundi wa nguo amekuwa fundi wa baiskeli," alisema.

"Nguo na tairi vyote vinavaliwa," nikamjibu. Lilikuwa jibu la ovyo, lakini lilinipa nafasi ya kutoka nje na kuyatazama.

Yalikuwa matairi membamba ya kawaida, yale ambayo kila baiskeli kubwa nyeusi ya Usukumani huzaliwa nayo. La nyuma lilikuwa kipara. La mbele lilibaki na mistari kama ya kiganja. Na njia ya baba haikuwa ya aina moja. Kutoka nyumbani ni moramu nyekundu, iliyojikunja matuta madogo madogo kama ubao wa kufulia, na juu yake vumbi la kiangazi. Kisha inakuja lami, safi, na upepo wa malori. Kisha, kuingia kwa kaka, kuna barabara ambayo mtu fulani alimwaga kokoto, zikasambazwa kwa majembe, zikaachwa. Hazikushindiliwa hata siku moja. Baba alikuwa ameangukia hapo. Tairi jembamba likikanyaga kokoto isiyoshikana linaenda upande linaoutaka lenyewe.

Nilianza kutafuta Buseresere. Niseme wazi kwamba kabla ya hapo sikujua lolote kuhusu matairi. Nilichojua ni kupima. Nilikwenda na futi yangu ya kushonea shingoni, nikapima nafasi iliyopo kati ya tairi la zamani na vile vyuma viwili vinavyoshika gurudumu la mbele, kisha nyuma, kisha juu, chini ya madigadi. Muuza spea wa kwanza aliniuliza kama namshonea baiskeli suti. Nikamwambia ndiyo, na mteja ana haraka.

Alikuwa na matairi ya aina tatu yanayoingia kwenye rimu ile. Jembamba kama lile la zamani. La pili pana, upana wa vidole vitatu vyangu vikibanwa, katikati limenyooka na kashata, yale meno ya mpira, ziko pembeni. La tatu nene kama la pikipiki, kashata zake zimetoka nje kama meno ya mamba, na ndilo alilotaka nichukue. Alilipiga kwa kiganja mpaka duka likatoa mwangwi.

"Hili mama, hata ukipanda Bismarck."

"Baba yangu haendi Mwanza kupanda mawe. Anakwenda kwa ng'ombe."

Futi ilikataa lile nene. Lingeingia kwenye vyuma kwa kusukumwa, lakini tope la masika likishika kidogo tu, gurudumu lingegoma. Tena zile kashata kubwa zingemchosha kwenye lami. Zinavuma, na kila jino linataka nguvu yake. Niliona wakati huo huo kwamba mtu anayechagua tairi anafanya kazi niliyoizoea. Kila mteja huingia dukani akiitazama nguo ya sherehe, na mimi huwa namuuliza atakaa nayo saa ngapi, atapanda nini, atabeba nani mgongoni.

Lile la kati lilipita, kwa sharti kwamba madigadi yanyanyuliwe au yatolewe. Nilirudi kumwuliza baba. Kuyatoa alikataa papo hapo. Alisema baiskeli isiyo na madigadi ni ya wahuni, na kwamba hajafika umri huu ili aingie kanisani na mstari wa tope mgongoni. Basi fundi akayanyanyua, akaongeza washa, vile vipete vya chuma, na kipande cha bati, na nikamsimamia mpaka futi iliponiridhisha. Sikununua Buseresere, kwa sababu lile la kati mbavu zake zilikuwa laini. Nikilibana kwa dole gumba na kidole cha shahada lilikunjika kama kitenge. Upana bila mbavu ni bure, miiba ya migunga ya huku hupitia ubavuni. Nilipanda basi mpaka Geita, nikazunguka maduka ya nyuma ya soko, nikabana mbavu za matairi ya watu mpaka mmoja akaniuliza kama nachagua parachichi. Kwenye duka la mwisho nililipata. Upana ule ule, katikati limenyooka kwa ajili ya lami, kashata fupi pembeni kwa ajili ya kokoto, na mbavu zilizokataa kukunjika. Nilifurahi kupita kiasi. Nilirudi nimeyavaa mabegani yote mawili, na ndani ya basi kila mtu alinipisha.

Jambo lililobaki lilikuwa upepo, na hilo ndilo lililotusumbua.

Kwetu tairi hujazwa mpaka liwe jiwe. Hakuna anayefundishwa, unazaliwa na kukuta hivyo. Tairi jembamba lazima lijazwe hivyo, kwa sababu likiwa laini na umebeba gunia la mpunga, rimu itaukata mpira wa ndani. Kutoka hapo watu wamefanya kuwa adabu. Baiskeli yenye upepo kidogo ni aibu ya mwenye nyumba, sawa na mbwa aliyekonda. Mgeni akija na baiskeli, wenyeji wanaibonyeza tairi kwa dole gumba kabla hawajamletea maji, na wakati wa kuondoka anakuta imejazwa. Fundi aliyafunga matairi mapya ya baba na kuyajaza jiwe, kama inavyotakiwa. Nikaipanda mwenyewe mpaka kwenye kokoto, na baiskeli ikadunda kama mpira wa watoto. Nilikata tamaa. Nilijiona mjinga mbele ya kaka kabla hata kaka hajajua.

Nilikaa pembeni ya barabara nikafungua valvu kwa hasira. Nilitaka tu kuisikia ikilia. Nilipopanda tena kurudi, tairi lilikaa chini kidogo, likazipokea zile kokoto, likapita juu yake bila ugomvi. Nikarudi nyuma nikapita tena. Upana wote ule kumbe kazi yake ni hiyo, uweze kupunguza upepo bila rimu kugusa chini. Tairi pana lililojazwa jiwe ni sawa na gauni la mjamzito lililobanwa kiunoni.

Baba hakufurahi. Alibonyeza, dole gumba likaingia, akanitazama kama niliyemletea samaki wa juzi.

"Hii imekwisha upepo, mayu," alisema; ndivyo anavyoniita, mama, kwa Kisukuma.

"Haijaisha. Ndivyo inavyotakiwa."

"Na nani?"

"Na kokoto."

Alikwenda nayo, kwa sababu baada ya kikao kile hakuwa na njia nyingine. Kwa siku za kwanza alirudi amenuna. Kila aliyempita alipaza sauti, "Mzee, upepo!" na wengine walisimamisha pikipiki kumwonyesha. Mwalimu wa kwaya alimfuata nje ya kanisa na pampu mkononi. Baba alikuwa akiwajibu kwamba ndivyo inavyotakiwa, na walipomwuliza na nani, alisema binti yake. Naambiwa walimwonea huruma.

Kisha kelele zikapungua na yeye akaanza kusifia, kwa namna yake. Aliniambia vidole havifi ganzi tena. Aliniambia siku hizi anapita kwenye kokoto huku anaangalia mtama wa watu. Mara moja aliniambia amefika kwa ng'ombe kabla kaka hajaamka, na hilo alilisema mara mbili. Masika yakaja, matope yakapita chini ya madigadi kama futi ilivyoahidi, na hakuanguka. Kaka aliacha kuzungumzia mapumziko. Mimi nilirudi kwenye sketi zangu nikiwa nimeridhika, na sioni haya kusema kwamba nilijivunia matairi yale kuliko gauni lolote nililowahi kushona.

Mume wangu alipata mapumziko marefu mwanzoni mwa kiangazi; tangu kikao kile alikuwa akija siku moja moja tu, asifike kwa wakwe. Nilikuwa na oda ya sare za shule mpaka shingoni, nikamwambia atangulie kuwaamkia wakwe, nitafuata jioni na mtoto. Yaliyotokea huko sikuyaona. Alinisimulia mama, aliyekuwa jikoni akichungulia kwenye nafasi ya mlango, kwa sababu mama akiwa na mkwe uwanjani hatoki.

Mama alisema mkwe wake alifika akaamkia, akapewa kiti, akakataa kukalia kiti, akakalia kigoda. Baadaye baba alipoingia ndani kubadilisha shati ili aende kwa ng'ombe, mkwe aliiona baiskeli. Akachota maji, akaiosha yote, spoku kwa spoku, akaipaka mafuta mnyororo. Kisha akabonyeza tairi. Mama alisema mkwe alishika mdomo. Bila shaka alifikiri hivi: wakwe zangu wana watoto wakubwa, na mzee anaendeshea rimu. Akaomba pampu kwa jirani. Alijaza la mbele, akajaza la nyuma, akawa anapampu kwa uzito wake wote, na yeye ni mtu anayepasua miamba kwa riziki. Alipomaliza shati lilikuwa limemganda mgongoni.

Baba alitoka. Aliiona baiskeli inang'aa. Aliweka dole gumba juu ya tairi, na dole gumba halikuingia. Mama alisema baba alibaki ameinama hivyo kwa muda, na mkwe amesimama kando, macho chini, pampu mkononi, anangoja.

Asiye wa kwetu atauliza kwa nini hakusema tu. Angesema, mwanangu, haya hayataki upepo mwingi, wakacheka, wakapunguza. Kwa mtoto wake angesema. Mimi angenifokea. Lakini kazi aliyoifanya mkwe kwa mikono yake, uwanjani kwako, kwa heshima, hairekebishwi machoni pake. Kumfungulia valvu mbele yake ni kumwambia jasho lake ni upepo. Ingekuwa afadhali ammwagie maji ya kunawa. Baba alinyanyuka akashukuru, "Wabeja, mkwe." Akapanda. Na mkwe, ili heshima ikamilike, akamsindikiza, akikimbia taratibu nyuma ya keria mpaka kwenye lami.

Sehemu inayofuata alinieleza baba mwenyewe, baadaye, na alinieleza akitabasamu, jambo ambalo liliniudhi. Alikuwa amepanga kusimama mkwe akishageuka nyuma. Lakini pale lami ilikuwa inaanza.

"Kwenye lami ilikimbia, mayu," alisema. "Ilikimbia kama nilipokuwa namchumbia mama yako. Nikasahau."

Alikumbuka alipokuwa ndani ya kokoto. Gurudumu la mbele liliruka, likaenda kushoto, na yeye akaenda kulia. Alianguka mbele ya uzio wa kaka, ng'ombe wote wakitazama, na kaka akiwa amesimama na ndoo ya maziwa. Mkono wake ulivunjika juu kidogo ya kifundo.

Kikao cha pili kilifanyika baba akishafungwa plasta. Safari hii wote tulikuwepo. Kaka kwenye kiti, baba kwenye kiti chake cha kamba, mama mlangoni nyuma ya pazia, mume wangu kwenye kigoda mbali kidogo, nje ya kivuli cha bati. Nilifika wa mwisho. Kabla ya kukaa nilipita ilipoegemezwa baiskeli nikaweka mkono juu ya tairi, nikakuta jiwe. Mama alikuwa ameshaninong'oneza kisa chote, kwa hiyo sikushangaa. Nilikasirika tu. Nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto, na sikujua nimkasirikie nani. Mume wangu alikuwa amekaa pale ameshika kichwa, amehuzunika kwa dhati juu ya mkwe wake.

Kaka hakuwa na maneno mengi. Aliuliza kama tunakumbuka tulichokubaliana. Tulikumbuka. Akamwuliza baba ilikuwaje.

Nilikohoa. Nilikuwa nimeshapanga maneno, na yalikuwa machache: baba hakuanguka kwa uzee, matairi yalijazwa kupita kiasi, yapunguzwe, mambo yaendelee. Ningeyasema bila kumtaja mtu. Lakini kila mtu pale angeuliza nani aliyajaza, na aliyeyajaza angenyanyua kichwa kabla hawajamaliza kuuliza. Hata hivyo nilifungua mdomo.

"Baba hakuanguka kwa—"

"Nimezeeka," baba alisema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba chumvi. Neno hilo alikuwa amelikataa kwa kaka, kwa daktari, kwa padri na kwangu. Nilimtazama, na yeye akamtazama kaka.

"Baiskeli haina kosa. Matairi hayana kosa, binti yangu aliyachagua vizuri. Mimi ndiye nimezeeka. Iondoke."

Kaka naye aliguswa, lazima niseme. Akafuta uso. Halafu akasema baiskeli isipelekwe mbali kwa watu wasioijua, ibaki kwenye ukoo. Akageuka upande wa kigoda. Alisema achukue mkwe, kwa kuwa tumeona wote jinsi anavyoitunza. Siku ile ile ya ajali aliiosha na kuijaza upepo kwa mikono yake. Mume wangu alipiga magoti akapokea kwa mikono miwili. Baba akaitikia kwa kichwa. Mimi nikatazama bati.

Walitusindikiza jioni ile. Mume wangu alitangulia akiikokota baiskeli, mtoto juu ya siti, kwa sababu si adabu kuipanda mbele ya mwenyewe. Baba alitembea nami nyuma, mkono wake umefungwa kwa kanga ya mama. Tulipokaribia lami alisimama.

"Usimwambie," alisema.

"Akijua atarudisha."

"Akijua hatakuja tena kuniamkia." Alimtazama mkwe wake akimshusha mtoto ili avuke barabara salama. "Alinipa heshima, mayu. Wanangu wenyewe hawajawahi kunioshea hata kengele."

Nilimwambia si haki. Alisema anajua. Tukaagana.

Hiyo ni miezi kadhaa iliyopita. Mkono umepona, ila baba haendi zizini. Kaka humletea taarifa kila Jumapili baada ya misa, kwa uaminifu, na baba humsikiliza, na nimegundua ameacha kuuliza rangi. Yule mweusi mwenye baka, nasikia, alibadilishwa. Baba aliniambia kama habari ya mvua ya wilaya nyingine.

Nilijaribu kwa muda kuyarekebisha matairi kimyakimya. Mume wangu akiingia kuoga, nilifungua valvu nikapunguza kiasi ninachokijua. Asubuhi alibonyeza, akaguna, akajaza. Tuliendelea hivyo mpaka akaipeleka kwa fundi atafute pancha. Fundi alizamisha mpira kwenye karai la maji, akauzungusha wote, asione povu, akabadilisha valvu, akaapa. Wiki iliyofuata akaipeleka tena kwa fundi mwingine. Nikaacha, kwa sababu alianza kusema labda matairi niliyoyachagua ni mabovu, na hilo nilishindwa kulivumilia.

Juzi alikwenda nayo upande wa kaka kuchukua maziwa. Alirudi amejaa vumbi, kiwiko kimechunika, maziwa nusu. Aliiegemeza ukutani akakaa kwenye ngazi ya duka langu akipuliza kiwiko.

"Mke wangu, ile barabara ya kokoto haifai," alisema. "Hizi tairi zinaruka huku na huku. Mzee alikuwa anaiwezaje kila siku, na umri ule?"

Nilikuwa nimeshika uzi mdomoni. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kufikiri, na nilifikiri.

"Baba anajua kuendesha," nikamwambia.

Alitikisa kichwa kwa heshima kubwa. Kisha akanyanyuka, akabonyeza tairi la mbele, akaenda kwa jirani kuomba pampu.